Martha ni wa Kurudi Jumamosi

Jumatatu, 1 Oktoba 1951

Daraja limekwisha! Siku kumi na mbili tu. Leo nimelivuka mara tatu bila haja yoyote. Kwenda, kurudi, kwenda tena.

Watu wote wa Machame wanalipita, lakini sababu ya kukamilika kwake naijua mimi peke yangu. Mwezi uliopita ilibandikwa kwenye ukuta wa baraza karatasi ya Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, kutoka Boma la Moshi, kwa Kiingereza. Niliisoma mwenyewe bila msaada. Haikusema kwamba daraja "will be repaired". Hiyo "will" naifahamu tangu shule ya misheni, ni ahadi tu, na mwenye ahadi anaweza kupatwa na mafua. Karatasi ilisema "is to be repaired". Yaani daraja ni la kutengenezwa. Haliombwi wala haliulizwi lina nafasi lini. Ni la kutengenezwa, basi. Na likatengenezwa.

Wapo wanaosema limetengenezwa kwa sababu Mangi, mtawala wetu, aliitisha msaragambo, kazi ya wote bila malipo, wanaume sitini wakabeba mawe. Nami nilikuwa mmoja wao, na bega bado linauma. Lakini mawe hayo yalikuwepo mtoni tangu enzi za Mjerumani na hayakuwahi kuwa daraja. Kilichoongezeka ni sentensi.

Ninayo kazi kubwa ya kuipa sentensi hiyo. Leo ni siku ya nane tangu mke wangu Martha aondoke.

Niandike ukweli, kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu. Martha alikuwa na ng'ombe mwekundu, aliyepewa na baba yake siku Eunike wetu alipozaliwa ili mtoto asikose maziwa. Ng'ombe huyo nilimbadilisha kwa baiskeli. Ilikuwa mali ya Mikidadi, mwenye duka Sanya Juu. Baiskeli ya Kiingereza kabisa. Haina mnyororo, lakini kengele yake inasikika mpaka kanisani. Nikaiegemeza zizini, pale pale alipokuwa akisimama ng'ombe, ili Martha aikute mwenyewe na kufurahi.

Martha alipanda kutoka tambarare na mzigo wa majani kichwani, Eunike mgongoni. Akaitazama. Akatua majani mbele ya gurudumu, akaiambia baiskeli, "Haya, kula." Kisha akaenda kwa baba yake bila kunywa hata maji.

Jumanne, 2 Oktoba

Nimekwenda kwa Mwalimu Elifuraha. Tulisoma darasa moja. Yeye alitoka wa kwanza, mimi wa pili, na mpaka leo huvaa viatu hata akienda kukata majani ya ng'ombe, ili tusisahau. Nikamwuliza habari ya "is to" kana kwamba naulizia mtu mwingine.

Akafurahi kuulizwa. Akasema hiyo ni namna isiyo ya kawaida ya Waingereza kutaja wakati ujao. Huitumia kwa jambo lililokwisha kupangwa: safari za wakubwa, saa za treni, amri za serikali. Akaongeza kwamba maneno hayo peke yake hayana nguvu. Lazima nyuma yake awepo mtu mwenye uwezo wa kupanga hilo jambo. Hapo niliacha kusikiliza. Tangu shuleni alikuwa na wivu.

Nyumbani nilimkuta Shangazi Eliona ameniletea ndizi. Amenilea yeye, kwa hiyo hupita bila kubisha. Mkononi alikuwa na jani la isale, amelichuma kwenye ua wetu na kulipiga fundo. Akaniambia nimpelekee Martha leo hii, yeye atanisindikiza. Kwetu ukimpelekea mtu isale kwa mikono miwili, hata kama umemkosea namna gani, hawezi kukufukuza. Nikamweleza kwamba isale ni ya mkosaji, na mimi sikukosa, nilifanya biashara. Akauliza biashara yenyewe iko wapi. Nikampigia kengele.

Shangazi akasema mkono mtupu haulambwi, akaliacha jani juu ya kigoda, akaenda zake.

Nimeandika barua. Si barua, tangazo. Kwa Kiingereza, namna ile ile ya daraja. Kwa lugha yetu ni hivi: "Mwanamke ni wa kurudi Jumamosi. Ni wa kuja na ndoo yake. Ni wa kuanza na kahawa iliyo chini ya mfongo. Ni wa kunyamaza. Efraimu, Karani."

Mfongo, ule mfereji wa maji unaogawa shamba langu, kila mtu anaujua. Majina sikuweka. Boma haliandiki "mpenzi Martha". Ukarani ni wangu kwa haki, kwani mwaka 1949 nilishika daftari la ghala la kahawa kwa wiki tatu, karani alipougua. Cheo hakiozi. Mwishoni nilichovya kizibo cha chupa kwenye wino, nikagonga muhuri. Umetoka wa duara safi.

Alhamisi, 4 Oktoba

Shangazi amepeleka. Yeye hajui kusoma. Aliipapasa bahasha, akauliza kama isale imo ndani. Nikamwambia imo dawa kali kuliko isale. Akaniangalia kama anavyoangalia mvua ya mawe.

Kahawa ya chini ya mfongo inaiva yote kwa pamoja. Huu ndio mwaka wangu, miti imebeba mpaka matawi yanagusa chini. Mikono miwili haitoshi. Ikiwa nyekundu haingoji mtu, inadondoka.

Nimepika mtori wa ndizi, umeungua. Nilipouonja nilisema kwa sauti, "Martha, umeungua," kisha nikakumbuka. Nimeumaliza hivyo hivyo. Nyumba hii sikujua kama ni kubwa.

Jumamosi, 6 Oktoba

Siku yenyewe. Nimefagia ua. Nimefuta baiskeli. Nimekwenda langoni mara kumi na nne, na kila mara nilijifanya naangalia ua wa isale kama una magonjwa.

Hajaja mtu. Nimesoma tena nakala yangu na kuligundua kosa: sikuandika Jumamosi ipi. Kumbe sentensi ni nzima, kasoro ni ya kalenda.

Jumapili, 7 Oktoba

Nimeshika kalamu mara tatu na kuiweka. Basi niandike.

Baada ya ibada tulitoka uwanjani kusikiliza matangazo, kama kila Jumapili. Likatangazwa la mahindi ya sadaka, likatangazwa la mbuzi aliyepotea. Ndipo akatoka mbele baba mkwe wangu, Mzee Filemon. Mzee Filemon ni mzee wa kanisa na mtu asiyeharakishwa na chochote. Mkononi alishika tangazo langu, kwa mikono miwili, kama anayebeba mayai.

Hasomi Kiingereza. Aliona Kiingereza, akaona muhuri, akajua ni karatasi ya Boma iliyopitia kwake kwa kuwa yeye ni mzee. Bahasha Shangazi alimwachia yeye, naye hakumwonyesha hata Martha. Akaihifadhi ndani ya Biblia yake siku tatu, mpaka siku karatasi za namna hiyo zinaposomwa. Akamkabidhi Mwalimu Elifuraha awatafsirie watu.

Elifuraha akaitazama karatasi. Akanitazama mimi. Akakohoa. Akasoma.

Alitafsiri vizuri, siwezi kukana. Sentensi moja moja, kwa sauti ya darasani: mwanamke ni wa kurudi Jumamosi, ni wa kuja na ndoo yake, ni wa kuanza chini ya mfongo, ni wa kunyamaza, Efraimu, Karani. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka! Walisikiliza kwa heshima, kofia mikononi. Salvina, mjane wa kule juu, aliuliza ndoo ni ile kubwa au ndogo. Mwingine aliuliza kama wenye watoto wachanga wamesamehewa. Mzee Filemon akajibu kwamba neno la serikali halichaguliwi: ni msaragambo wa wanawake, Jumamosi ijayo, kwenye kihamba cha Efraimu, kwenye kahawa yake.

Kisha watu wakaja kunipa mkono. Walinipongeza kwa kupata kazi Boma. Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nilisema asanteni.

Martha alikuwa amesimama karibu na ukuta, Eunike mgongoni, kanga imeziba mdomo. Mabega yalikuwa yanatikisika. Nadhani alilia. Moyo umeniuma sana, na nilitaka kumfuata, lakini watu walikuwa bado wananipa mkono.

Jumamosi, 13 Oktoba

Wamekuja ishirini na watatu. Jua lilikuwa halijachomoza vizuri, nikafungua mlango na kukuta ndoo ishirini na tatu zimepangwa uani, wenyewe nyuma yake, kimya. Nikaamkia wakubwa, shikamooni. Wakaitikia kwa kichwa. Ni wa kunyamaza.

Wakaanza chini ya mfongo kama ilivyoandikwa. Sijapata kuona kazi kama ile. Walichuma nyekundu, wakachuma za manjano, wakachuma na mbichi, kwani tangazo halikutaja rangi. Nilijaribu kusema za kijani ziachwe. Salvina akaniwekea kidole mdomoni.

Saa nne chini ya mfongo hakukuwa na punje mtini. Kahawa imerundikwa uani, imenifika kifuani. Kisha wote wakakaa, wakanitazama. Nikakumbuka kwamba msaragambo hulishwa. Mikungu mitatu ya ndizi, yote niliyokuwa nayo, na maharage ya mbegu.

Walipokuwa wanakula akaingia Shangazi Eliona. Akauliza kuna msiba gani. Akaambiwa ni amri ya Boma. Akauliza ni Boma gani hilo, akaomba kuona karatasi, akaona muhuri, akaingia ndani akatoka na kizibo cha chupa chenye wino.

Kunyamaza kukaisha. Salvina alicheka mpaka akakaa juu ya rundo la kahawa na hakuweza kuinuka. Wakaondoka wakiimba. Wimbo ni mpya, wameutunga hapo hapo, na unasema Efraimu ni wa kupika, Efraimu ni wa kufua. Nilikuwa nawasikia mpaka walipovuka daraja.

Wameniacha na rundo. Kahawa ikichumwa ni ya kumenywa siku hiyo hiyo, ikilala inachacha. Mashine ya kumenyea sina. Nimetwanga kwenye kinu mpaka mikono imevimba, na sijafika hata robo. Martha angekuwepo asingeacha jambo lifike hapa. Yeye hujua kitu kitaharibika siku mbili kabla hakijaharibika. Namtaka arudi. Si kwa sababu ya kahawa.

Jumapili, 14 Oktoba

Sikwenda kanisani. Nilisema naumwa mikono, na ni kweli.

Shangazi ameleta jibu! Karatasi ndogo, mwandiko wa Martha. Alisoma shule ya wasichana ya misheni mpaka mwisho, na mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu, jambo ambalo hatulizungumzi. Mstari mmoja, kwa Kiingereza: "The cow is to come home first."

Ng'ombe ni wa kurudi nyumbani kwanza. Nimeusoma mara tisa. Ametumia ile ile! Hakuandika "will". Mlima wote huu, kuanzia theluji mpaka reli, tunaoandikiana namna hii ni mimi na yeye tu. Mke anayekuchukia hawezi kukuandikia sarufi nzuri hivyo.

Shangazi akauliza karatasi inasema nini. Nikamwambia. Akasema hilo hata yeye angeniambia, tena bila wino.

Jumatano, 17 Oktoba

Sanya Juu, kwenda na kurudi. Miguu si yangu.

Nilitoka alfajiri nikiisukuma baiskeli. Penye mteremko niliipanda, kwani baiskeli isiyo na mnyororo huteremka kama nyingine yoyote. Kusimama ndiko kuna taabu zake. Nilipiga kengele muda wote, na hata hivyo nilitua ndani ya mfongo wa watu. Wenye mfongo walinipa maneno. Sikuwajibu, maji yalikuwa masikioni.

Nilimkuta Mikidadi dukani, mguu mmoja umenyooshwa juu ya sanduku, goti limefungwa kitambaa. Mke wake Mwanajuma alikuwa jikoni na ndoo iliyobonyea pande zote mbili. Ng'ombe naye alikuwa jikoni. Wakanieleza kwamba hataki kukaa nje juani, amezoea kufungwa ndani na kuletewa majani, na asipoletewa kwa wakati hukumbusha watu kwa mguu.

Sikutaka kupotezewa lengo kwa hadithi za mifugo. Nikasimama katikati ya duka, nikakunjua karatasi, nikasoma kwa Kiingereza kwamba ng'ombe ni wa kurudishwa, na ni wa kurudishwa leo. Kabla sijamaliza sentensi ya pili Mwanajuma alikuwa ameshamfungua na kuniwekea kamba mkononi. Mikidadi mwenyewe aliongeza fungu la majani, akanisihi nisipumzike mpaka nimevuka mto. Baiskeli waliichukua bila hata kuikagua, ingawa gurudumu la mbele sasa linatazama upande.

Na Mikidadi ameniambia kwa kinywa chake kwamba Kiingereza hajui hata neno moja! Ikiwa sentensi inamwingia mtu asiyeielewa, itakuwaje kwa anayeielewa?

Ijumaa, 19 Oktoba

Leo nimempeleka ng'ombe kwa baba mkwe. Nilikuwa na hotuba mfukoni, ukurasa mzima, kila sentensi ya namna ile. Martha ni wa kufungasha. Martha ni wa kusahau. Shangazi Eliona alikuja nyuma yangu bila kualikwa, amejifunika kanga mpaka kidevuni.

Mzee Filemon alikuwa uani. Shikamoo, baba. Marahaba. Hakutaja Jumapili ile, hakutaja Boma, na kwa kutotaja kwake nilitamani ardhi ipasuke. Ng'ombe alimjua mwenyewe, akalia, na Martha akatoka ndani.

Amekonda kidogo. Nikakunjua karatasi. Eunike, mgongoni mwa mama yake, alinitazama kama mtu aliyewahi kuniona mahali lakini hakumbuki ni wapi. Siku ishirini na sita tu, jamani. Nikaikunja tena ile karatasi. Kiingereza chote kilikuwa kimekwisha.

Shangazi akanishika mkono, akaniwekea jani. Isale, limepigwa fundo, bichi. Alikuwa nalo ndani ya kanga njia nzima. Nikampa Martha kwa mikono miwili. Nilisema neno moja tu, tena la kwetu. Nimekosa.

Martha alilitazama jani, akalitazama goti langu lililochubuka, akalipokea. Mzee Filemon akasema yamekwisha, na yakaisha. Martha aliuliza nilikuwa nakula nini siku zote hizi. Nikasema mtori. Akasema ndiyo, harufu ya kuungua bado iko kwenye koti. Nikacheka na kulia kwa pamoja na sikuona aibu, na Shangazi alijifanya anaangalia migomba.

Tulipoaga, Mzee Filemon akatutolea mashine yake ya mkono ya kumenyea kahawa, ameitunza kwa mafuta miaka kumi na mitano. Akasema kahawa ya juu ya mfongo isichache kama ile ya chini. Akaniambia mimi, si Martha, niitunze. Nimeapa.

Jumanne, 23 Oktoba

Amani. Ng'ombe yuko zizini. Eunike amenikubali, jana amenivuta sikio. Kahawa ya juu imeiva vizuri, tunaanza kuchuma kesho asubuhi.

Nimepata nafasi ya kuyatafakari yote na kuona funzo lake. Shangazi anawaambia watu kwamba ni isale. Mwache aseme, ni mtu mzima. Lakini mwenye kufikiri na ahesabu. Niliandika kwamba Martha ni wa kurudi, amerudi. Niliandika Jumamosi, akarudi Ijumaa, mapema kuliko ilivyopangwa. Nilisoma kwamba ng'ombe ni wa kurudishwa, akarudishwa. Isale ilisaidia, kama chumvi inavyosaidia nyama.

Mchana Martha alikwenda kwenye kikao cha kina mama kanisani. Akapita Alawi, fundi wa nguo wa Moshi, anapeleka cherehani ya miguu kwa mteja wa juu ambaye, kumbe, amebadili mawazo. Cherehani ya Kiingereza kabisa! Ina maua ya dhahabu ubavuni. Sindano haina, na mkanda wake umekatika, lakini hivyo ni vitu vidogo. Nikamfikiria Martha, jinsi anavyoshona kwa mkono magauni ya Eunike, macho yakimuuma. Alawi hakutaka chochote kikubwa. Alitaka kitu cha chuma tu, chenye mpini, kilichotunzwa kwa mafuta.

Tumesaidiana kukifunga kwenye punda wake, naye ameshavuka daraja.

Nimeifuta cherehani. Juu yake nimeweka karatasi ndogo, kwa Kiingereza, mstari mmoja. Lango linalia, Martha huyo anaingia. Ni wa kufurahi.